Rangi ya Kucha kwenye Nyaya za Ardis

Arvid alipofika jangwani Quartzsite, wazee wa magari-nyumba wanakokimbilia baridi ikianza, msimu ule gari-nyumba lake lilikuwa na maradhi ya uzee kama yeye mwenyewe. Mchana kutwa lilishiba jua kwenye sola, usiku likaishiwa nguvu. Taa zilififia, friji ikanyamaza, na kabla ya alfajiri ile mashine ya kumsaidia kupumua usingizini ikazimika, akaamka anatweta. Mwanawe alipiga simu kutoka Minnesota, akasema bila kuzunguka: ikizimika tena gari linauzwa, na baba anarudi kwenye theluji, kwenye chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwake.

Kosa lilikuwa lake, tusimfichie. Msimu uliopita moja ya betri zinazolisha taa na friji ilipokufa, alinunua mpya akaipachika katikati ya zile kuukuu. Pale jangwani kila mtu anajua hilo halifanywi, maana kuukuu huinyonya mpya mpaka zote zinakuwa vikongwe. Hata Arvid alijua. Lakini zile kuukuu alikuwa amezinunua pamoja na Ardis, mkewe, marehemu sasa, na hakuwa na moyo wa kuzitupa.

Katika maisha yao ya barabarani, Arvid alishika usukani, Ardis akashika betri. Kila Jumapili asubuhi alivaa miwani yake ya kushonea, akafungua kimlango cha ubavuni, akapiga magoti juu ya mto wa kiti na kuzinywesha maji ya betri, huku akiziimbia nyimbo za kanisani. Nyaya za chanya alizipaka rangi yake ya kucha, nyekundu iliyokolea, ili mumewe asije akakosea siku yeye hayupo.

"Maana wewe na umeme ni paka na panya," alikuwa akimwambia.

Baada ya simu ile ya mwanawe akaagiza betri mpya. Zilikuja mbili tu, nyepesi, za kisasa, zisizonyweshwa maji. Wendell, jirani yake wa miaka mingi, alikuja kumsaidia, na spana zake na ulimi wake.

"Hizi ni betri, bwana, au unafuga mabaki?"

"Fungua, acha maneno."

Wendell akafungua. Alipoukunja waya mmoja, ganda lilipasuka, unga wa kijani ukammwagikia kiganjani. Utani ukamtoka.

"Arvid, nyaya hizi zimeoza. Ukizifunga kwenye betri mpya utaungua humu ndani umelala."

"Nyaya zinabaki."

"Sikia, ndugu yangu..."

"Nimesema zinabaki! Hizo ni za Ardis!"

Wendell akakaa chini kwenye changarawe. "Shemeji alikupakia rangi usije ukajiua," alisema polepole. "Leo unataka kujiua kwa rangi hiyohiyo?"

Arvid aliingia ndani. Wendell akajua amemuudhi, akaanza kukusanya spana. Kumbe mwenzake alikuwa anapekua droo ya vijiko, mahali Ardis alipokuwa akiweka kila kitu isipokuwa vijiko. Akatoka na kichupa. Kifuniko kilikuwa kimeganda, wakakifungua kwa koleo.

"Haya, weka nyaya mpya," akasema. "Ila chanya napaka mimi."

Alipiga magoti juu ya mto uleule. Nusu ya rangi ilikaa kwenye waya, nusu kwenye ukucha wa kidole gumba. Harufu ile kali ikamrudishia Jumapili zote kwa mpigo, akalia waziwazi. Wendell akajifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Jioni kila mtu alibeba kiti na kinywaji chake, wakaketi kuuzunguka moto. Bernadine, jirani ambaye jicho lake halikosi kitu, akauona ukucha ule mwekundu.

"Jamani, Arvid kaanza kujipamba! Nani huyo kakuteka?"

"Ni yuleyule," Arvid akajibu.

Kicheko kikakatika. Bernadine akatoa dawa ya kufutia rangi kwenye mkoba, akamnyooshea. Arvid alikikunja kidole gumba ndani ya ngumi, akatikisa kichwa.

Asubuhi jua ndilo lililomwamsha, na mashine bado inanguruma. Mwanawe akapiga.

"Imewaka usiku kucha? Na una hakika, baba, hamkukosea nyaya?"

Arvid akakitazama kidole chake.

"Tungekoseaje? Mama yako ameweka alama."