Mfano wa Hapa Nyumbani

Eshrat aliacha shule darasa la nne ili mdogo wake asome. Huo ndio wasifu wake, na mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Mama alikuwa mgonjwa wa mapafu, mtoto wa kiume alikuwa mmoja, na mji wa Qazvin, wakati ule kama sasa, haukuwahi kupungukiwa na wasichana wa kubebeshwa mizigo ya wengine. Kiumars akasoma mpaka akawa karani wa forodha. Eshrat akaenda kiwanda cha nyuzi, akasimama mbele ya mashine moja miaka ishirini na saba, akatoka na pensheni, kikohozi, na sikio la kushoto lililokufa kwa kelele. Hakuolewa. Wachumba wawili walikuja. Wa kwanza mama alimwambia angoje, na wa pili alikisikia kikohozi cha mama tangu mlangoni, akageuza.

Mama alipokufa alimwachia nyumba, kwa hati, mbele ya mashahidi, maana mwanamke yule pamoja na ukali wake wote alijua ni mikono ya nani iliyokuwa ikimwogesha. Vyumba viwili, ua wenye mzabibu mmoja, na ghala la chini alikopanga mitungi ya achari. Duniani humu hicho kilikuwa kitu pekee ambacho Eshrat aliweza kukitaja, akaongeza neno "yangu", na asitokee mtu wa kumsahihisha.

Sasa mchezo. Sikukuu ya Noruzi, mwaka mpya wa Irani, ikifika, salamu zikiisha, na pistachio zikibaki maganda, kila nyumba hutoa karatasi na kalamu ikacheza Jina na Ukoo. Inachaguliwa herufi moja, na kila mtu anakimbizana na mwenzake kuandika jina, ukoo, mji, tunda na mnyama, vyote vianze na herufi hiyo. Anayemaliza kwanza anasema "basi", na kalamu zote zinawekwa chini. Neno uliloandika peke yako lina alama kumi. Mwingine akiwa nalo, kila mmoja anapata tano. Ukiacha wazi, sifuri. Ni mchezo wa watoto, na ndiyo maana watu wazima huucheza kwa roho mbaya.

Mkono wa Eshrat ulikuwa mzito. Alikuwa wa mwisho kwa miaka thelathini, na nadhani sikukuu isingenoga kwa jamaa zake kama angewahi kuwa wa tatu. Halafu Parastu, binti pekee wa Kiumars, akaolewa na Ramin, kijana wa ofisi ya madalali wa hisa. Ulikuwa ule wakati ambapo hata kinyozi alikuwa akikunyoa huku anakuuliza bei za soko. Ramin akafuta tunda na mnyama. Mahali pake akaweka safu mbili mpya, "neno la soko" na "mfano wa hapa nyumbani", mfano ukiruhusiwa kuanza na herufi yoyote, watu wajifunze uwekezaji huku wanacheza. Akaongeza na sheria: yeyote aweza kuuliza maana ya neno, na aliyeliandika akishindwa kueleza, anapoteza alama zake.

Mwaka ule wa kwanza ilitoka herufi M. Parastu aliandika "mali iliyolala", mfano, Shangazi. Ikatoka H, Ramin akaandika "hisa isiyolipa gawio", mfano, Shangazi tena. Kiumars alicheka mpaka akavua miwani. Eshrat akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, gawio ni nini. Mahin, mke wa Kiumars, alikuwa anamenya chungwa, na hata hakuinua macho.

"Wifi, asiyejua maana haambiwi maana."

Eshrat naye akacheka. Amecheka hivyo maisha yake yote, na mimi nilikuwa namwonea huruma mpaka hasira zikanipanda. Lakini safari hii neno lile la Mahin alikwenda nalo nyumbani. Vuli ilipofika alinunua daftari la shule, lile la mistari mipana wanalopewa wanaoanza kuandika, akawa anakwenda asubuhi kwenye ukumbi wa hisa kukaa na wastaafu wanaoota joto mbele ya skrini za bei. Alichosikia alikiandika. Hakuwa na tamaa ya fedha. Alitaka siku moja tu aulizwe maana mbele za watu, naye ajibu.

Maneno aliyaelewa kwa njia yake. Mtaji ni mzabibu. Gawio ni zabibu, unazila na mzabibu unabaki. Hatari ni theluji ya mwisho, inayokuja maua yakishafunguka. Rehani aliiandika hivi: "Unampa mtu ashike mzabibu wako mpaka ulipe deni, usipolipa, anaukata." Aliisoma tena akapenda ilivyokaa. Mwanamke wa miaka sitini na nane, peke yake kando ya jiko la kupasha joto, anajisifu kwa sentensi.

Vuli hiyo hiyo Kiumars alikuja kumshauri auze nyumba, fedha ziingizwe sokoni. Eshrat alikataa kwa maneno machache, akasema humo ndimo atakamofia. Mdogo wake hakubishana, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwingine. Baada ya wiki tatu akarudi na habari nyingine. Manispaa inataka hati mpya, foleni ni ndefu, na magoti ya dada ni mabovu. Basi amwandikie karatasi ya uwakala, asimame mahali pake kwa kila jambo la nyumba, yeye ahangaike. Kwenye ngazi za ofisi ya hati alimshika kiwiko ili asiteleze. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu amshike Eshrat kiwiko. Kiumars alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na dada yake akahisi kweli amepakwa. Neno "wakala" alikuwa nalo daftarini, ukurasa wa sita, tena limepigiwa mstari. Lakini daftari lilikuwa la mambo ya soko, na huyu alikuwa ndugu yake, kwa hiyo alitia sahihi bila kusoma.

Katikati ya majira ya baridi alikuja mtu mmoja akisema ametoka idara ya gesi. Alipima kuta, akauliza dari iliezekwa mwaka gani, akapiga picha ua. Gesi na urefu wa ukuta vina uhusiano gani Eshrat hakujua, lakini mgeni ni mgeni, akampa chai na jamu ya zabibu aliyopika mwenyewe. Yule bwana aliisifu sana.

Kwa desturi, Noruzi mdogo ndiye humtembelea mkubwa, na kwa mkubwa ndipo panapoanziwa. Miaka yote Kiumars na watu wake walianzia kwa Eshrat. Mwaka huu alipiga simu kusema Mahin ana maumivu ya mgongo, dada awasamehe, aje yeye kwao. Ilimchoma kidogo. Kisha akavaa koti, akaliacha daftari juu ya kabati kwa sababu alikuwa nalo lote kichwani, akaenda kula wali wa mboga za majani na samaki akiwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi mfukoni.

Baada ya chakula ilikuja chai, vitamu vya baklava, na karatasi. Walikuwa watano. Herufi ya kwanza ilikuwa H, na Eshrat akaandika "hati fungani". Ramin akatabasamu akauliza maana. Akamjibu kwamba ni kuikopesha serikali au kampuni fedha kwa muda maalumu, ikulipe kidogo kidogo na mwisho ikurudishie zote. Lile tabasamu la Ramin lilibaki usoni halina kazi. Ilipokuja U akaandika "ukwasi", peke yake tena, akaeleza kwamba ni wepesi wa mali kugeuka fedha mkononi, na nyumba haina ukwasi kama ilivyo dhahabu. Kiumars aliinuka ghafla kwenda kuongeza maji ya chai ambayo hayakuwa yamepungua.

"Shangazi ana mwalimu wa siri," Parastu akasema. "Mtafuteni, huenda ni mchumba."

Alisema akicheka, lakini kalamu alikuwa ameikaba. Parastu alisoma chuo kikuu miaka sita, na kushindwa na mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi hakukuwa katika mipango yake. Ni Eshrat aliyemlea huyu, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, wakati Mahin akiwa kazini. Kufikia herufi ya saba walikuwa wamelingana alama, yeye na shangazi yake. Parastu akataka raundi moja tu ya mwisho, apatikane mshindi. Ikatoka R.

R ni herufi ngumu. Jina na mji vinapatikana, lakini neno la soko linalokuja upesi ni "riba", na kila mchezaji anajua kwamba mwenzake analo, ni alama tano tu. Kwa hiyo kila mmoja aliinamia karatasi yake akachimba ndani zaidi, kutafuta neno ambalo wengine hawatalifikia, lenye mfano wa kweli wa hapa nyumbani. Uchoyo wa alama kumi ndio uliowaumbua. Parastu akasema "basi", kalamu zikalala. Majina, koo na miji yaliwaacha wawili wale bado sawa. Wakafika kwenye soko.

"Rehani," Parastu akasoma. "Mfano, nyumba ya Shangazi. Kumi hizo."

"Tano," Ramin akamkata pale pale. "Mimi ninayo hiyo hiyo."

"Hata mimi," Mahin akadakia, akinyoosha karatasi yake waione.

Hakuna aliyekuwa anaungama. Walikuwa wanagombea alama. Maneno yalikuwa yameshatua mezani, katikati ya baklava na bakuli la samaki wa dhahabu wa mapambo ya Noruzi, ndipo mmoja mmoja alipoanza kusikia alichokisema. Mahin ndiye aliyewahi kuzinduka.

"Ni utani tu, Wifi. Chai yako inapoa."

Kama Eshrat angekuwa yule wa mwaka ule wa gawio, angecheka, akanywa chai, akarudi kulala kwenye nyumba yake miezi miwili mingine akiwa na amani. Kujifunza kwake ndiko kulikomnyang'anya hata hiyo. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mtu wa gesi, picha za ua, kiwiko kilichoshikwa kwenye ngazi, vyote vilijipanga kwa utaratibu kama daftarini.

"Nauliza maana," akasema.

Mahin akamsogezea kikombe, naye akakirudisha.

"Ni sheria ya Ramin. Nauliza maana ya rehani."

Ramin aliisogeza kalamu yake kando. Alisema ni mali inayowekwa benki ili mtu apewe mkopo. Eshrat akauliza mkopo ukilipwa inakuwaje, akajibiwa mali inarudi kwa mwenyewe. Akauliza usipolipwa je. Ramin alimtazama baba mkwe wake, na baba mkwe wake alikuwa analitazama zulia.

"Inauzwa," akasema Ramin.

"Maana ni sahihi. Sasa mfano. Parastu mwanangu, nieleze mfano wako."

Parastu alikuwa amewiva uso. Ana tabia ya kukasirika anapoona aibu, tangu utotoni.

"Baba aliiweka benki wakati wa baridi, mkopo akanunulia hisa, hisa zikaanguka. Alisema hakuna haja ya kukwambia, hata ukiambiwa hutaelewa."

Eshrat akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea jibu aliloliomba mwenyewe. Kisha akamnyooshea mdogo wake mkono, akamwambia ampe karatasi. Kiumars alikuwa ameikunja mara nne. Aliitoa hivyo hivyo. Eshrat akaikunjua juu ya goti na kuisoma kwa kidole, polepole, maana mkono umebaki mzito na macho nayo yamefuata. Kiumars alikuwa ameandika rehani. Halafu akalikata neno hilo kwa mistari miwili, akaandika riba. Kati ya wote wanne, ni yeye peke yake aliyekumbuka kwamba dada yake yumo chumbani.

"Dada, soko litapanda," akasema. "Likipanda kidogo tu, mimi naikomboa. Niliifanya kwa ajili yetu sote."

"Benki imekupa mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao."

"Na kwani utakosa pa kulala, Wifi?" Mahin akasema, kwa sauti ya wema, na naapa aliona anasema wema. "Kile chumba cha nyuma kipo. Tutatoa tu cherehani."

Eshrat hakulia. Ningependa kuwaambia alipindua meza au aliwalaani mpaka kizazi cha saba, nami ningeliandika kwa raha zangu. Alikaa. Alikuwa amekaa na watu hawa sikukuu zote za maisha yake, na hakuwa na wengine. Ramin, ambaye hakujua aiweke wapi mikono yake, akaivuta karatasi ya alama akamuuliza kwa sauti ya chini yeye alikuwa ameandika nini.

"Rasilimali," akasema Eshrat. "Mfano, nyumba yangu."

Ramin akapitisha kidole kwenye karatasi zote. Akasema neno hilo hakuna mwingine aliye nalo. "Ni kumi, Shangazi. Umeshinda."

"Mfano si wa kweli," akasema Eshrat. "Andika sifuri."

Ramin akangoja mtu amkataze. Kiumars hakusema kitu, wala Mahin, wala Parastu. Basi akaandika sifuri, akajumlisha, na Parastu akawa mshindi.