Ukurasa wa Dhahabu Niliomlazimisha Ratib

Ndugu yangu Ratib, Mungu amrehemu, alikuwa mtengenezaji wa tovuti mjini Irbid, katika chumba kimoja juu ya duka la falafeli. Nguo zake zilinuka mafuta ya kukaangia hata siku ya Ijumaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, swala hazimpiti, na katika kazi yake alichukia jambo moja: ukurasa wa utangulizi, ule unaokusimamisha mlangoni kwa michoro na sauti kabla hujaona ulichokifuata.

Mimi nilikuwa katibu wa diwani ya ukoo wetu, yaani ukumbi wa kukutania jamaa kwa shida na raha. Tulipoamua kuwa na tovuti, ili jamaa walio mbali wajue nani kafa na anazikwa wapi, nilimtaka aweke mwanzoni Bismillahi inayojiandika polepole kwa dhahabu.

"Abu Laith," akaniambia, "mtu aliyefiwa hana subira. Mpe saa na msikiti, basi."

"Unalionea haya jina la Mola wako?"

"Haya, nitaiweka. Lakini chini nitie kitufe cha kuruka."

"Kuruka Bismillahi? Nani katika ukoo huu atathubutu kukibonyeza? Labda wewe, kisha ukajibu mwenyewe kesho akhera!"

Akacheka kidogo, akarudi kwenye kompyuta yake. Nimemzidi miaka tisa, na kwetu hilo humaliza mjadala. Kitufe hakikuwekwa. Wazee walipouona ukurasa walisema mashallah, nami nikavimba kichwa.

Ratib alifariki ghafla alfajiri ya Jumanne, kwa moyo. Mdogo wetu Wasfi alikuwa kazini bandarini Akaba, mwendo wa saa sita. Baba alipokufa, Ratib ndiye aliyemlea Wasfi, na Wasfi ndiye aliyepaswa kushuka kaburini kumpokea. Nilimwachia ujumbe kwa karani wa bandari: maziko baada ya Alasiri, mengine yote yako kwenye tovuti ya ukoo. Nilisema hivyo kwa fahari, maiti ya ndugu yangu ikiwa chumba cha pili. Mungu anisamehe.

Msikiti wetu ulikuwa ukikarabatiwa, hivyo tukamswalia katika mwingine, upande wa kusini wa mji. Hilo niliandika kwenye tovuti. Wasfi alipofika Amman kubadili basi, akapiga simu nyumbani, lakini laini ilikuwa imejaa watu wa pole. Akaingia kwenye kafe ya intaneti. Herufi zikaanza kutambaa, zikakwama. Akafungua upya, zikaanza tena mwanzo.

"Ruka hiyo, kaka," mwenye kafe akamwambia.

"Hakuna pa kurukia."

"Punda gani katengeneza hii?"

Basi la Irbid likapiga honi, akatoka mbio.

Akaenda msikiti wetu wa siku zote, akakuta mifuko ya saruji. Sisi tulimngoja kidogo, lakini maiti haicheleweshwi, nikashuka mimi. Alipotufikia makaburini, udongo ulikuwa umeshasawazishwa.

Siku ya tatu ya matanga, diwanini, Wasfi alikuwa akiwamiminia watu kahawa chungu. Binamu yetu Haji Mijhim akasema, "Ule ukurasa wa Bismillahi utakuwa sadaka ya Ratib inayoendelea." Watu wakaitika amina.

Wasfi hakuitika. "Ukurasa huo ndio ulioninyima kumzika," akasema. "Sijui alifikiri nini. Mungu amsamehe."

Hapo nilipaswa kusema. Sikusema. Nilitazama zulia, na birika likapita kwa watu watano, ndugu yangu akibeba lawama yangu akiwa kaburini. Lilipobakiza mtu mmoja kunifikia, ulimi ukafunguka.

"Wasfi, si Ratib. Yeye aliukataa. Hata kitufe alitaka kuweka, mimi nikamtishia kwa jina la Mungu."

Wasfi akaja mbele yangu, akamimina, akaendelea kumimina mpaka kahawa ikafika ukingoni. Mgeni tunamtilia funda tu. Kikombe kilichojaa ni cha mtu anayeambiwa anywe aende zake.

Nilikinywa chote, nikavaa viatu vyangu mlangoni.