Mlio wa Fiat ya Mama Zamzam

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana wa gereji pale Kawangware, kichwa kimenivimba kwa sifa. Mtaani kote ni mimi peke yangu niliyezijua zile Fiat ndogo za Kitaliano zenye injini nyuma. Watu walinitania kwamba natibu wagonjwa kupitia makalio. Nilicheka nao, lakini moyoni nilijiona daktari kweli.

Siku hiyo Mama Zamzam, mjane wa Makina kule Kibera, aliniletea gari la marehemu mumewe, Ramadhani, likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limelala uani tangu mazishi.

"Kijana wangu," akaniambia, "sitaki ing'ae. Nataka kuisikia tena. Ramadhani akirudi jioni, tulikuwa tunamjua akiwa bado kule msikitini, juu ya huo mlio. Kama kuna kitu unatoa, niulize kwanza."

"Sawa, Mama. Usijali."

Nilisema sawa kama vijana wanavyomwitikia mzee ili amalize. Nilipoifungua injini, haikuwa imekufa. Ilitaka ringi mpya, valvu zisagwe, na subira ya wiki kadhaa. Lakini nilikuwa na nyingine ya aina hiyo hiyo, nzima, niliyoitoa kwenye gari lililogongwa. Nikaona, ya nini kuhangaika na injini kuukuu? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani huwasikiliza wahenga akiwa na spana mkononi? Nikaifunga ile nyingine, ya Ramadhani nikampa jamaa wa skrapu, mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikalipaka gari rangi pia, ingawa hakuniomba. Kuuliza si ujinga, mwanangu, na mimi sikuuliza.

Nililiendesha mwenyewe hadi Makina, polepole mbele ya maduka ili nionekane. Mama Zamzam alikuwa ndani akichagua mchele. Hakutoka. Nikazima gari, nikapiga hodi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nimesikia gari, nikadhani ni mgeni."

Akatoka, akalizunguka, akaweka mkono juu ya kifuniko cha nyuma. "Iko wapi ile yake?"

Nikamweleza kwa maringo kwamba hii ina nguvu zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya kazi safi," akasema. "Lakini hii si yake. Na nilikuomba uniulize."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Nilikimbia hadi kwa yule jamaa wa skrapu, nikakuta ameshaiuza kwa wale wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikarudi Makina, nikamdanganya Mama kwamba injini imeibwa gereji. Uongo huo unaniuma kuliko kosa lenyewe, maana aliuamini, akanipa pole.

Miaka ikapita. Gari likabaki uani, halikuwashwa tena. Mama Zamzam alipofariki, wanawe waliniletea ufunguo. Walisema mama yao ameacha neno kwamba nipewe mimi, kwa kuwa ndimi niliyelihangaikia.

Ninalo mpaka leo. Linawaka bila shida, na vijana hulipiga picha. Wakilisifu, mimi huona aibu.

Basi nakuusia, mwanangu. Mtu akikuletea kitu cha marehemu wake, usikimbilie spana. Kaa naye, umuulize anakumbuka nini, na akisema usitoe, usitoe, hata kama wewe ndiye fundi. Kibovu waweza kukitengeneza kesho, ulichokitupa umekitupa. Na ukikosa, sema kweli mapema. Mimi ukweli wangu niliusemea makaburini, na pale hakuna aliyenijibu.

Mungu akubarikie mikono yako, akupe moyo wa kusikiliza, na wale uliowakosea akuwekee hai mpaka uwaombe msamaha. Amina.