Ufunguo Mmoja wa Mzee Laini

Mtaa mzima ulimwita Mzee Laini, na jina hilo hakulipata bure. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye jumba la kuunganishia simu, enzi zile simu ilipokuwa kitu cha kukaa mezani na kufunikwa kitambaa. Alijua kila waya unakwenda kwa nani. Ukimwambia simu yako inakoroma, alikutajia nguzo iliyooza kabla hujamaliza kusema. Jumba lilipofungwa alipewa cheti na saa ya ukutani, akarudi nyumbani na ujuzi wake na kiburi chake. Nasema kiburi kwa sababu ndicho kilichomponza, na mwenyewe siku hizi hakatai.

Mkewe alikuwa mshonaji. Kwa miaka mingi alishona mashati kiwandani, kwenye chumba chenye cherehani sitini za umeme zilizonguruma kwa pamoja, na ngurumo hizo zikamla masikio. Alipofika miaka hamsini alikuwa hasikii kitu. Hakujiliza. Alijifunza kusoma midomo, akaisoma vizuri mno, hata waliomsengenya ng'ambo ya barabara walishtukia wakijibiwa. Ukitaka kuzungumza naye ulikaa mbele yake, penye mwanga, ukasema taratibu bila kutafuna maneno. Na akikasirika hakugomba. Alifumba macho. Hapo ungeweza kuhutubia mpaka mate yakukauke, humpati.

Siku moja aliyefumbiwa macho hayo alikuwa kitindamimba wao. Binti alipata kazi nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha kufungasha dawa, mkataba wa miaka miwili, na likizo haikuwepo mpaka mwezi wa kumi na nane. Mama hakutaka aende. Asubuhi ya safari, teksi ikiwa mlangoni, alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, mikono mapajani, akafumba macho. Binti akapiga magoti mbele yake, akasema maneno machache, akainuka, akaondoka. Mzee Laini alikuwa nje anapakia sanduku, hakusikia lolote.

Mama alikaa na hasira yake wiki moja. Ya pili ikamwisha, akabaki na swali.

"Alisema nini pale?" akamuuliza mumewe.

"Mimi nilikuwa kwenye teksi, Mama watoto."

"Lakini alisema. Nilisikia pumzi yake usoni. Muulize."

Mzee akamwandikia binti ujumbe. Jibu likaja siku hiyo hiyo: "Mwambie nitamwambia mwenyewe, akiniangalia."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Binti alilala kwenye bweni la kiwanda, na mtandao wa bweni ulipitisha maandishi tu. Simu za picha zilifungwa, video zilifungwa, na bwana mkubwa wa bweni hakutaka kuulizwa kwa nini. Simu ya kawaida ilipita, lakini itamfaa nini mtu asiyesikia? Mama alihitaji uso. Wakajipa moyo kwamba miezi kumi na nane si milele.

Mwezi wa kumi wa mkataba mama akaanguka jikoni. Daktari alimvuta Mzee Laini pembeni, kwenye kona ya wodi penye mizani, akamwambia kwamba moyo wa mkewe umechoka sana na asihesabu miezi. Mzee akarudi kitandani akijitia hamnazo, akasema daktari anataka apumzike tu. Alisahau anaongea na nani. Mkewe alikuwa ameshasoma midomo ya daktari kutoka kitandani.

"Nataka kumwona mwanangu anavyosema," akamwambia. "Basi. Sitaki kingine."

Mzee Laini alitoka hospitali akiwa na ari ambayo hakuwa nayo tangu alipostaafu. Sebuleni kulikuwa na kompyuta kongwe ya mezani, ambayo miaka miwili nyuma alikuwa ameifuta yote na kuipakia mfumo wa Linux, kwa sababu alipenda mashine ambayo unaiamuru kwa maneno na yenyewe inakujibu. Alikuwa amesoma juu ya VPN ya nyumbani. Unaigeuza kompyuta yako kuwa seva, na aliye mbali anaingia kwako kwa njia ya siri iliyofungwa, inayopita ndani ya mtandao wa watu wote. Walinzi wa mtandao wa bweni wangeona kuna kitu kinapita, wasijue ni nini. Akachapisha maelekezo, kurasa kumi na nne, akayatandaza juu ya meza ya mkewe ya kukatia vitambaa, katikati ya chaki na futi ya kupimia.

Alifanya kazi siku tatu, kati ya saa za kutazama wagonjwa. Alipakia programu, akafungua mlango mmoja kwenye ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, akaweka ngao dhidi ya wavamizi, akaongeza na programu ndogo ya kupigiana simu za picha, inayoonekana kwa walioingia kwenye njia ile tu. Kila amri aliiandika kwa vidole viwili, akiisoma kwa sauti. Alikosea, akafuta, akarudia. Kwa mtu wa miaka sitini na tisa, tuseme ukweli, alikuwa hodari.

Halafu akafika ukurasa wa tisa. Paliandikwa kwamba kila kifaa kipewe ufunguo wake. Mzee Laini akacheka peke yake. Jumbani kwao, zamani, nyumba mbili zilitumia waya mmoja, walikuwa wakiita laini ya ubia, na yeye mwenyewe alifunga mia kadhaa. Jirani akiongea unasubiri, akimaliza unaongea wewe, na hakuna aliyekufa. Ukurasa wa tisa, aliona, umeandikwa kwa ajili ya watu wasiojua laini. Tena hawa ni mama na mwanawe. Akachukua penseli, akaukata mstari ule.

"Nyumba moja, ufunguo mmoja," akasema.

Ufunguo ulitoka kama mraba wenye vidoa vyeusi na vyeupe, ule ambao simu huusoma kwa kamera. Akauchapisha. Akaupeleka wodini, simu ya mkewe ikausoma, taa ya kijani ikawaka. Alimweleza kuwa ni bomba, mwanao anaingiza uso huko, wewe unaupokea huku.

"Uso huo usije ukatoka umekunjamana," mkewe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

Kwa binti, Mzee alituma mraba ule ule, vidoa vyake vikiwa vimegeuzwa kuwa maandishi marefu, kwa kuwa picha isingepita. Wakaahidiana saa kumi alasiri, zamu yake inapokwisha.

Saa kumi ilipofika Mzee alikuwa nyumbani mbele ya seva, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa wodini ameshika simu mbele ya uso wa mgonjwa. Uso wa kitindamimba ukatokea. Mama akainua mkono. Binti akafungua mdomo, na uso ukaganda, ukapotea. Baada ya dakika ukarudi, sekunde tatu nne, ukapotea tena. Wakang'ang'ana saa nzima.

"Mtandao wa bweni huo," Mzee akasema. Kesho yake akabadilisha namba ya mlango. Keshokutwa akasema ni kuta za hospitali, nene mno, wakamsogeza mama hadi dirishani. Siku ya nne akazima ruta, akaiwasha, akabadilisha waya. Binti huko alijaribu asubuhi, alijaribu wakati wa chakula, akaandika kila mara: "Naingia, natolewa." Na mama, kwa kuogopa kumkosa, hakuizima simu yake hata dakika moja. Alilala nayo kifuani ikiwa kwenye chaji, na wauguzi wakachoka kumsema.

Siku ya saba Mzee alikwenda kumtazama. Mkewe alikuwa amepungua uso, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Nimesoma neno moja," akamwambia. "Alisema 'Mama'. Mengine yakaganda."

"Tutapata. Kesho nabadilisha..."

"Mzee, nisikilize. Kila nikiingia mimi, yeye anatoka. Akiingia yeye, natolewa mimi. Nimeangalia siku zote hizi. Ni kama tumepewa kiti kimoja."

Mzee akampapasa mkono. "Mambo ya mitambo niachie mimi, Mama watoto. Wewe pumzika."

Mkewe akamtazama kidogo, kisha akafumba macho. Mzee alidhani amesinzia. Akamfunika shuka vizuri, akaenda zake nyumbani kupigana na ruta.

Alifariki siku ya kumi na moja, asubuhi, wauguzi wakipokezana zamu. Shemeji ndiye aliyekuwepo. Mzee alikabidhiwa mfuko wenye kanga, miwani na simu iliyokwisha chaji. Alimzika mkewe akiwa amesimama wima kama mtu anayengoja kuambiwa la kufanya. Binti hakuruhusiwa kuja. Aliandika ujumbe mmoja, "Baba, siamini," na kwa siku mbili hakuandika tena.

Siku ya tatu baada ya mazishi, saa kumi alasiri, Mzee alikuwa amekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa kwa mazoea tu. Seva ilikuwa inanguruma pembeni, hakuna aliyekumbuka kuizima. Ghafla simu ya picha ikaita kwenye kioo chake. Uso wa kitindamimba ukatokea, ukakaa. Dakika moja, tano, kumi. Nywele zake zilikuwa zimefungwa kitambaa cha kazi, macho yamevimba, na nyuma yake ulionekana ukuta wa bweni wenye msumari uliotundikwa koti. Walilia pamoja bila kukatika hata mara moja.

"Baba," binti akasema baadaye, akijifuta, "leo laini ni safi kabisa. Umebadilisha nini?"

"Sijagusa kitu, mwanangu. Tangu msiba sijagusa kitu."

Neno hilo lilimkwama mwenyewe. Fundi ni fundi, hata akiwa na msiba. Lakini aliliacha lipite, wakaendelea kuongea. Katikati ya mazungumzo akakumbuka kwamba shemeji ameomba picha ya marehemu ya kuweka kwenye fremu, na picha nzuri ziko kwenye simu ya marehemu mwenyewe. Akaitoa simu kwenye ule mfuko wa hospitali, akaichomeka kwenye chaji, akaiwasha. Taa ya kijani ikawaka.

Kwenye kioo, binti akaganda mdomo ukiwa wazi.

Mzee Laini alitazama kioo, akatazama simu. Akaizima simu. Binti akarudi: "Baba? Ulipotea." Akaiwasha. Binti akaganda. Akaizima, akarudi. Akaiwasha mara ya tatu, maana fundi hasadiki mara mbili. Akavuta kurasa zake kumi na nne kutoka chini ya futi ya kupimia, akafungua ya tisa, akaona mstari wa penseli. Kwenye laini ya ubia, mwenzio akiongea unasubiri. Kwenye hii, yeye aliyekaa penye seva hakuhitaji ufunguo, lakini kwa walio nje seva ilijua mwenye ufunguo mmoja tu, na kila aliyebisha alimtoa aliyekuwa ndani. Mkewe alikuwa amemweleza hivyo hivyo, tena vizuri kuliko ukurasa wa tisa.

Aliwaza kunyamaza. Nisikufiche, aliwaza kweli. Nani angejua? Bweni lingebeba lawama, au kuta za hospitali, na mtoto angelala bila jambo la kuongeza juu ya msiba. Akaizima simu ya mkewe, akangoja uso urudi.

"Haukuwa mtandao wa bweni," akasema. "Ni mimi. Niliwapa ufunguo mmoja, wewe na mama yako. Mlikuwa mnatoana nje. Leo laini ni safi kwa sababu simu yake imezimwa."

Mzee alimwona anahema.

"Mama alijua?"

"Alijua. Aliniambia. Yeye asiyesikia aliniambia, na mimi mwenye masikio nikatia pamba."

"Baba," binti akasema, kisha akafunika uso kwa viganja.

Mzee aliona haya kumtazama, lakini hakugeuka. Alingoja. Viganja viliposhuka akauliza swali ambalo halikuwa lake. "Siku ile, mbele ya cherehani, ulimwambia nini? Aliuliza mpaka mwisho."

"Hakuna kitu kikubwa, Baba. Nilimwambia, 'Mama, fumbua macho nikuage.'"

Walikaa hivyo mpaka kengele ya bweni ilipolia na binti akaitwa kula. Alisema atapiga kesho. Hakusema amesamehe, na Mzee hakumwomba, kwa sababu aliona ni mapema na pengine ni makosa kuomba.

Kisha Mzee Laini akaigeukia seva. Akaandika amri kwa vidole viwili, safari hii bila kuisoma kwa sauti. Akatengeneza ufunguo wa pili, akauandika jina la mkewe, akaupa anwani yake peke yake, akaichukua simu ya marehemu, akaisomesha mraba mpya. Taa ya kijani ikawaka. Kazi yote aliipima kwa saa ya ukutani, ile aliyopewa siku ya kustaafu. Ilimchukua dakika mbili.