Kadi Inayochora Kioo cha Kushoto

Mume wangu alipopata kiharusi, jambo lililonichosha zaidi halikuwa kumwinua wala kumwogesha. Lilikuwa sahani. Alikuwa akila wali wa upande wa kulia mpaka sahani inang'aa, na wa kushoto anauacha ulivyo, kisha ananiambia nimempakulia kidogo. Niliizungusha sahani, naye akashangaa kuona chakula kimetokea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule hospitali ya Msambweni alinieleza kwamba macho yake ni mazima. Ubongo ndio ulioacha kuuhesabu upande wa kushoto.

"Mtafutie sababu ya kugeuka," aliniambia. "Usimwamrishe. Iwe sababu yake mwenyewe. Na usichelewe, mama, kwa maana akishazoea kuishi nusu, itakuwa vigumu kumrudisha."

Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli Diani. Mtu anayeshinda kwenye mvuke wa pasi harudi nyumbani na akili nyingi za kubuni sababu. Niliweka redio upande wa kushoto. Akaisikiliza huku akiutazama mlango ulio kulia. Nilitundika leso nyekundu ukutani, hakuiona. Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwendea.

Binti yetu, anayechora ramani za nyumba, alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi Uarabuni. Alituachia kompyuta yake na skrini kubwa yenye vitone vingi mno vya picha, mara nne ya vile vya skrini za kawaida, ili mistari yake myembamba isimpotee. Ni yeye aliyewaza gemu ya kuendesha lori. Baba yake, mtu wa Taru, aliendesha malori barabara ya Mombasa maisha yake yote, na mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa bado vinamtii. Akatutumia usukani mdogo wa kubana mezani na pedali zake. Nikachagua barabara za Uingereza, maana huko wanapita kushoto kama sisi.

Nilifurahi nilipoelewa jambo moja. Dereva wa lori hutazama vioo kila mara, na kwa kuwa usukani uko kulia, kioo cha kushoto ndicho cha mbali, ndicho kinachomwonyesha mkia wa trela na bodaboda anayejipenyeza. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake mwenyewe, wala sikuhitaji kuibuni.

Siku ya kwanza picha ilikuwa ikikwama na kuruka. Kadi ya grafiki, yaani kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachochora picha, ilikuwa ya kuchorea mistari, si ya kuendeshea lori kwenye skrini kubwa namna ile. Lakini alishika usukani. Mara nikaona shingo inageuka kushoto, polepole, na moyo wangu ukaruka. Kwenye kioo cha kushoto kulikuwa na ukungu mtupu wa rangi ya majani. Akarudisha kichwa, akaachia usukani.

"Kioo kichafu," alisema. "Siendeshi."

Basi nikaanza kwenda Ukunda kwa fundi wa kompyuta, kijana wa bara mwenye duka dogo lililojaa nyaya. Nilikuwa nikipita kwake baada ya kazi, miguu imevimba, mikono inanuka sabuni.

"Mathe, hiyo skrini yako ni moto," aliniambia. "Lakini inakula kadi vibaya sana."

"Niamkie kwanza, mwanangu."

"Shikamoo, mathe."

"Marahaba. Sasa sema."

Akasema, na akasema sana. Alinishauri kwanza nipunguze vitone ili kadi isielemewe. Nilijaribu nyumbani, picha ikaacha kuruka, lakini kioo kikazidi kuwa uji. Nikarudi. Akanitolea kadi mpya kwenye boksi lake, yenye feni mbili na taa za rangi, akaisifu kwa kasi tu. Picha nyingi kwa sekunde, ndiyo ilikuwa dini yake. Alipoipachika kwenye kompyuta niliyombebea na kuifungua gemu pale dukani, lori lilikwenda laini kama linateleza kwenye mafuta. Nilikuwa nimechoka, nikataka sana iwe hiyo. Nikaichukua.

Nyumbani mume wangu alitoka na lori vizuri, akaingia barabara kuu, shingo ikageuka kushoto. Palikuwa na fremu ya kioo, na ndani yake weusi mtupu.

"Gari halina vioo," alisema, na safari hii alisema kwa kukata tamaa kabisa. Aliomba arudishwe kitandani. Siku zilizofuata hakutaka hata kuiona meza ile, na wali wa kushoto uliendelea kubaki.

Nilimrudia fundi na kompyuta yangu, nikiwa nimefura.

"Ah, vioo? Nilizima mimi," alisema bila wasiwasi. "Vioo vinakula nguvu bure, mathe. Kila kioo ni kama kuchora barabara mara ya pili. Na hiyo kadi memori yake ni ndogo, kwa vitone vyako vyote haitoshi. Hakuna mtu anaangalia vioo kwa gemu!"

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Ningeweza kumtukana, lakini kutukana kunahitaji nguvu. Nikamweleza yote: kiharusi, shingo, sahani. Nikamwambia mzee wangu hashindani na mtu, hana haja ya kukimbia. Ninachotaka ni kadi itakayokijaza kioo cha kushoto, lori likitambaa litambae.

Kijana yule aliinama chini ya meza akatoa kadi kuukuu, nene, nzito, iliyotumika. "Hii ni ya kitambo," alisema. "Si ya kasi. Lakini memori yake ni karibu mara mbili." Akaichukua ile mpya bila kubishana, akavirudisha vioo na vitone vyote. Tulibadilisha pawasaplai, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme, kwa sababu ile ya zamani isingeihimili, na hata hivyo kadi ilikuwa ndefu kuliko kasha. Ubavu wa kompyuta ukabaki wazi, nikaufunika kwa kipande cha chandarua kuzuia vumbi. Mashine ya maelfu, imevaa chandarua. Nilicheka peke yangu kwa uchovu.

Kumshawishi arudi mezani ilikuwa kazi nyingine. Alasiri moja ya siku yangu ya mapumziko nikamwambia lori limetoka gereji na vioo vipya, aje alikague tu. Kukagua hakukatai dereva. Akakaa, akashika usukani, akakohoa. Shingo ikageuka. Kiooni mlikuwa na ubavu wa trela, na mstari mweupe wa barabara, na gari dogo jekundu nyuma yetu, na kila kitu kilionekana.

Akaingiza gia.

Aliendesha taratibu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudia, na kila mara alipogeuka nilishusha pumzi. Mvua ya Uingereza ilikuwa ikinyesha juu ya majani mabichi, naye ananitajia njia yake ya Mombasa: hapa Mackinnon Road, hapa punguza, kuna ng'ombe. Sikumbishia. Nilikuwa nimechuchumaa kushoto kwa meza, mkono kwenye chandarua, nikisikiliza kama kadi inapata moto kupita kiasi.

Akatazama kioo cha kushoto tena. Lakini shingo haikuishia hapo. Ilipita kioo, ikapita ukingo wa skrini, ikaendelea mpaka ikanifikia. Lori likaanza kupunguza mwendo lenyewe. Tangu augue hakuwa amenitazama kwa upande ule bila kuitwa.

"Kumbe uko hapa," alisema.

"Niko hapa, baba."

Alinitazama kwa muda mrefu, usoni, mikononi, kama mtu anayemwona mwenzake aliyetoka safari ndefu.

"Umekonda," alisema. "Umechoka sana wewe. Egemea hapo ulale, nitakuamsha tukifika."

Nilitaka kumwambia kuna nguo za kuanua, kuna dawa yake ya saa kumi. Nikaweka kichwa ukingoni mwa meza, nikalia kidogo, kisha nikalala.