Perege wa Lambo la Chini

Mume wangu alizikwa mvua zikiishia, lambo likiwa limejaa mpaka ukingoni. Angefurahi kuliona. Aliniachia karai, fimbo mbili za kuvulia na jiwe alilokuwa akikalia kando ya maji. Watoto hatukujaliwa.

Yeye alikuwa mtu wa Ziwa. Alikuja Karatu kama fundi wa kujenga ukuta wa lambo, akaoa, kisha akagundua kuwa ameoa mahali pasipo na samaki. Basi akasafiri kwao, akarudi na vifaranga vya perege kwenye ndoo, akavimwaga majini. Watu walimcheka sana. Walipoonja, waliacha kucheka wakaanza kununua.

Mimi ni wa Arash, mtoto wa wafugaji. Kwetu samaki aliwekwa fungu moja na nyoka. Nilikaanga samaki miaka yote ya ndoa bila kumtia hata mmoja mdomoni. Wateja walijinyunyizia chumvi wenyewe. Samaki wa mume wangu nilimtia chumvi mimi, na kwa kuwa sikuonja, nilipima kwa kumwangalia usoni.

"Imekolea?"

"Imekolea, mke wangu."

Kila siku imekolea.

Mto wetu umezibwa mara mbili. Lambo la juu lilipewa kambi ya watalii, na vifaranga vya kuanzia waliomba kwa mume wangu, akawapa bure. Lambo la chini ni letu: ng'ombe wanakunywa, vitunguu vinamwagiliwa, samaki wanavuliwa.

Ukisimama kwenye ukuta unawaona wageni wa kambi wakivua. Mgeni anavaa kofia pana, kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia, na juu yake koti la kuelea, ingawa pale anaposimama maji hayamfiki mbuzi tumboni. Akinasa perege wa ukubwa wa kiganja, kambi nzima inapiga makofi. Samaki anapimwa urefu, anapimwa uzito, anapigwa picha. Wapo wanaombusu. Halafu anarudishwa majini polepole, kama mtoto anayelazwa, na wageni wanakwenda mezani kula samaki aliyeletwa kutoka Mwanza kwenye barafu. Habari ya barafu alitupa mpishi wao mwenyewe.

Jambo hilo lilikisumbua kijiji.

"Mama Samaki, hebu fikiria," jirani yangu aliniambia. "Mtu kapanda ndege mbili kuja kumkamata. Kamkamata. Kamwachia! Kuna kitu wamepima wakakiona."

"Wanapima urefu tu."

"Urefu wa samaki anautakia nini? Anamshonea suruali?"

Haikuchukua muda, samaki wetu wakawa wagonjwa. Kila nyumba ilikuwa na binamu aliyewahi kuumwa tumbo. Wangu walikuwa wakipoa karaini mpaka jioni.

Ndipo kambi ikaomba mkutano wa kijiji. Walimtuma kijana wao, mzaliwa wa hapahapa, ambaye tangu aajiriwe Kiswahili chake kinapitia puani.

"Ndugu zangu, tunapenda lambo la chini nalo liwe la kukamata na kuachia. Asivue mtu kwa ajili ya kula. Tutajenga vibanda vya kupumzikia, na ninyi wanakijiji mtaruhusiwa kuangalia."

"Kuangalia nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Mandhari, mzee."

"Hayo nayaangalia tangu nizaliwe, na sikuomba ruhusa."

Watu walicheka, lakini niliona wengi wanaelekea kukubali. Nani atagombania samaki mgonjwa? Katika vyote alivyoacha mume wangu, perege wale ndio pekee waliokuwa hai, na walikuwa wanakwenda kuwa mapambo.

Mwenyekiti alinigeukia. "Mama Samaki, wewe hatujawahi kukusikia ukisema uongo. Hawa samaki ni wazima?"

"Ni wazima, mwenyekiti."

"Wewe unawala?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi ulikataa.

"Sijawahi hata siku moja."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwashtua mpaka kuku.

"Na aliyekuwa anawala yuko wapi?" jirani yangu aliropoka, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

"Aliuawa na moyo," nilisema.

"Moyo si uko karibu na tumbo?" mtu alisema nyuma.

Karai langu lilikuwa palepale nje ya ofisi ya kijiji, maana siku ya mkutano huwa ni siku ya biashara. Niliinuka, nikachukua perege mmoja, nikamtia chumvi kama nilivyokuwa nikimtilia mume wangu, nikamtumbukiza kwenye mafuta. Mkutano wote uligeuza mabenchi.

"Yeyo, usijilazimishe," mzee mmoja wa upande wa kwetu alinisihi, akiniita mama kwa Kimaasai. "Huyo ni nyoka mwenye mapezi."

Nikamla.

Nyama ilikuwa laini, miiba mingi. Na chumvi! Ilikuwa chumvi ya kulambisha ng'ombe. Machozi yalinitoka, nikashindwa kuyazuia, na watu wakasimama wakidhani naaga dunia.

"Vipi, mama? Ni sumu?"

"Chumvi imezidi."

"Na samaki?"

"Samaki ni mzima. Chumvi ndiyo mbaya. Kumbe ilikuwa mbaya miaka yote."

Jirani yangu alikuja akamega kipande, akakunja uso. "Jamani, ni kweli! Yule mwanamume alikupenda." Kisha akaomba wake, asiye na chumvi. Baada yake akaja mwenyekiti, na baada ya mwenyekiti ikawa foleni. Mtendaji wa kijiji aliandika kuwa lambo la chini linabaki la kula, akiandika kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa na mafuta. Kijana wa kambi alikula wawili. Hakuachia hata mmoja.

Mimi nilirudi kwenye wangu. Nilimmaliza pamoja na chumvi yake, mpaka ikabaki miiba mitupu kwenye sahani, kama alivyokuwa akiiacha yeye.