Aliyeniomba Radhi Salobreña

Kwanza niliweke wazi hili, maana nimechoka kuchekwa: sikupigwa na jua. Nimeletwa Maskati kutoka Unguja nikiwa mtoto wa kubebwa, nimekulia mtaa wa Darsait, nimesomesha hesabu katika skuli ambazo mchana wa mwezi wa sita ukitoka uwanjani unahisi soli ya kiatu inalainika. Halafu shemeji yangu, amekaa kwenye ubaridi anapasua lozi, ananiambia jua la Hispania lilinipanda kichwani. Jua ambalo wenyewe wanalilalia mchangani kama paka. Mie wa Maskati niumwe na jua la wale?

Akili zangu nnazo, alhamdulillahi. Haya yalinipata mchana kweupe, na kuna watu wengine waliomwona. Kama huamini, shauri yako, lakini usinipunguzie neno nikisimulia.

Nna dada mmoja tu, mkubwa wangu, Salma. Mie namwita Da Salma, na heshima yake nampa mpaka leo, ingawa utaona kwamba haistahiki. Mama yetu alipougua maradhi yake ya mwisho, mie nilikuwa Salalah, mume wangu alikuwa na kazi huko. Da Salma ndiye aliyekuwa naye nyumbani Darsait. Kila nikipiga simu naambiwa mama kalala, mama kala vizuri, usijisumbue. Siku moja simu ikawa haipatikani kutwa nzima. Jioni akanipigia jirani, si dada yangu, jirani, akaniambia niwahi. Nikapata ndege ya asubuhi. Nilipofika mlangoni jeneza lilikuwa limeshatoka. Sikumwosha mama yangu, sikumwona uso. Da Salma akaniambia maiti hangojeshwi, kumharakisha ndiko kumstiri. Nikanyamaza, kwa sababu maneno hayo ni kweli. Lakini saa mbili tu, jamani? Saa mbili zingemdhuru nani?

Tangu hapo tukawa tunasalimiana harusini na matangani, basi. Watu wakidhani tunapendana.

Sasa Badr, mtoto wa Da Salma, kijana mwema asiyefanana na mamake, akaona haya mambo hayafai. Joto lilipoanza mwaka jana akatukatia tiketi, mamake na mie, twende naye Hispania, tukatembee ile pwani yao ya kusini. Alidhani tukikaa pamoja mbali na ndugu tutasemezana. Nikakubali kwa ajili yake.

Tukafikia Malaga. Kusema haki, pwani ile ni nzuri. Milima inateremka mpaka majini kama kwetu Qantab, ila yao ina kijani, na miji imepakwa chokaa nyeupe mpaka macho yanauma. Tulipanga kwenda na basi la watalii kuiona miji mitatu kwa siku moja: Nerja, Almuñécar na Salobreña. Asubuhi yake Da Salma akaamka na tumbo na homa. Badr akasema atabaki amuuguze. Mie nikaenda peke yangu, na sitakuficha, nilikwenda na raha zangu.

Nerja kuna baraza kubwa juu ya jabali, watu husimama pale kutazama bahari. Nafika, namwona Da Salma amekaa kwenye benchi chini ya mtende. Abaya yake ya kahawia ya kusafiria. Miwani yake, yenye mkono mmoja uliogandishwa kwa gundi. Nikashtuka, nikamuuliza kulikoni. Akasema homa imeshuka, Badr kamleta kwa gari kisha karudi, kwani kuona pwani yote hii mpaka hapa kisha ukalale chumbani si ujinga? Nikaona ni maneno ya akili. Muongozaji wetu, msichana wa kizungu, akasema viti vipo, Da Salma akapanda nasi.

Hapa ndipo watu wananikatiza. Ulimtazama miguu? Nilimtazama, tena si mara moja. Tulipofika Almuñécar alivua viatu akaingia kwenye maji. Ilikuwa miguu ya Da Salma, na kile kidole chake cha mwisho kilichopinda juu ya mwenzake. Kwato ziko wapi? Alisema bismillahi? Alisema, tena kwa sauti, tulipoletewa samaki wa kuchoma, wametungwa kwenye vijiti na kubanikwa pembeni ya moto. Alikula akalamba vidole. Mhudumu alileta sahani mbili na akaondoa sahani mbili. Sasa niambie, mwanadamu ajikinge na nini, ikiwa yale yote tuliyofundishwa kujikingia, hao wasio watu nao wanayajua?

Kama palikuwa na dalili, ilikuwa moja tu: alikuwa mwema. Alinibebea mkoba. Aliniuliza habari za goti langu. Nilipomwambia kwamba mji huu unanikumbusha Matrah, hakunibishia, na Da Salma hubisha hata adhana. Nikajiambia labda homa imemlainisha. Kosa langu ni lipi hapo? Mtu akikufanyia wema umshuku?

Mwisho tukafika Salobreña. Mji umepanda kilima kama vipande vya sukari, ngome juu, pwani chini, mchanga wake wa kijivu. Alasiri ilikuwa imeingia lakini jua la kule halitaki kushuka. Wenzetu wakaenda ngomeni. Sisi tukakaa ufukweni juu ya jiwe, yeye akitazama maji. Akasema, bila kunitazama:

"Mama alikuita."

Nikamuuliza anasema nini.

"Siku ile, tangu alfajiri, alikuwa akikuita wewe tu. Alisema ntamngoja. Nikaizima simu nikaitia kwenye droo, chini ya mashuka. Kisha nikamwambia mama, haji huyo, ana shughuli zake."

Nakuapia, mawimbi sikuyasikia tena. Nilikuwa nimeishi na machungu ya kukosa kuiona maiti. Kumbe palikuwa na jingine chini yake. Mama yangu kaondoka duniani akijua nimekataa kuja.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akimlisha, akimgeuza, akimfulia, usiku na mchana, na mgonjwa mdomoni hana jina ila la yule aliye mbali. Akasema wivu ulimla. Akalia, machozi yakashuka mpaka kidevuni, akanishika mikono miwili. Ilikuwa mikono ya moto, ya mtu. Akasema, "Niwie radhi, mdogo wangu. Nilikudhulumu wewe na nilimdhulumu mama."

Ungefanya nini? Mie nililia mpaka nikakosa pumzi. Halafu, na hili ndilo linalonikera hata nikilala, nikamsamehe. Sikumsamehe kwa ulimi tu. Nilimwambia nimekusamehe duniani na akhera, na nilihisi kitu kinatoka kifuani, kitu nilichokuwa nimekizoea mpaka nikidhani ni mfupa wangu. Nikawa mwepesi.

Muongozaji akapiga filimbi ya kutukusanya. Yeye akasema mie niende, Badr anakuja kumchukua. Nikapanda basi. Muongozaji akaniuliza kwa Kiingereza, dada yako harudi nasi? Umesikia? Aliuliza dada yako. Kwa hiyo na yeye alikuwa na jua kichwani? Basi lilipogeuka nikamwona amesimama ndani ya maji mpaka magotini, kanipungia mkono. Abaya yake ilikuwa imeelea juu ya maji, imetanda kama jani, na haikulowa.

Nilifika hoteli moyo wangu mweupe. Nikafungua mlango, namkuta Da Salma kitandani, kitambaa cha maji usoni, midomo imekauka. Badr ameketi pembeni yake. Nikacheka, nikasema mmenitangulia kufika. Wakanitazama. Badr akaniambia mama hajainuka tangu asubuhi, mchana alikuja daktari kamchoma sindano. Na Da Salma, kwa sauti ile ile ninayoijua, akasema, "Umetuacha hapa kutwa, unakula raha."

Nikakaa kwenye kiti.

Siku zilizobaki kule sikuiona pwani. Wao wakadhani nimeambukizwa homa. Mie nilikuwa nikiwaza jambo moja: yule si dada yangu, basi huenda na yale maneno si kweli. Huenda hicho kilichojifanya yeye kimenichezea tu. Nilikuwa nataka yasiwe kweli, wallahi, nilimuombea dada yangu yasiwe kweli.

Tuliporudi Maskati nikangoja mpaka Ijumaa, nikaenda kwake Mabela. Badr alikuwapo, katoka msikitini. Da Salma akatumiminia kahawa. Nikaanza kuwahadithia tangu benchi la Nerja. Da Salma akacheka. Alipomaliza kucheka akaniambia nikasomewe. Nikaendelea. Nikafika kwenye jiwe la Salobreña, nikasema aliniambia kwamba mama aliniita, na simu ikazimwa ikatiwa kwenye droo chini ya mashuka.

Akaweka kikombe chini. Rangi yake ikawa ya majivu. Akasema, "Nani kakwambia?"

Hakusema uwongo. Hakusema audhubillahi. Alisema nani kakwambia.

Badr akageuka kumtazama mamake. Akamuuliza polepole, "Mama, ni kweli?" Naye akaanza: mgonjwa hajui anasemalo, siku ile nyumba ilikuwa na mashaka, wewe hukuwepo hujui uzito wa kumgeuza mtu. Yote yale niliyoambiwa pwani kwa machozi, sasa nayasikia kwa ukali, kama mie ndiye niliyemkosea.

Nikamwambia sitaki maelezo. Nataka aniombe radhi, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Dada yangu akakiokota kikombe chake, akanywa fundo, akaniambia: "Si umesema umeshasamehe? Unataka nini tena?"

Mwenzangu, wewe unayenisoma, nieleze. Mtu anaweza kufaidi msamaha ambao hakuuomba, aliombewa na kisichojulikana ni nini, hata jina lake hatulijui? Badr akainuka akatoka nje, na kahawa yake akaiacha.

Nilikwenda kwa shekhe wa msikiti wetu, mtu mtulivu, nikamuuliza kama msamaha ule unasimama. Akaniambia msamaha ni baina yangu na Mola wangu, nikishautoa nimeutoa, na malipo yangu yapo. Nikamuuliza, na yeye Salma je? Akasema Salma ana hesabu yake. Mwanangu naye ananiambia huenda ilikuwa rehema, huenda kilikuja kunitua mzigo. Rehema gani hiyo ya kujivika dada wa watu? Nani alikituma? Kama kilinionea huruma, si kingenijia kwa sura yake chenyewe, kikaniambia ukweli, kikaniachia hasira yangu niipeleke inakostahiki?

Maana hili ndilo lililobaki. Najaribu kumkasirikia dada yangu, siwezi. Namtazama, natafuta ile hasira mahali ilipokuwa, pako patupu. Ninayo ghadhabu tele, ya kutosha mtaa mzima, lakini si ya kwake. Ni ya yule. Da Salma hajaomba radhi mpaka leo. Ananiletea mikate ya vibibi Ramadhani, mwenyewe anaingia mpaka jikoni, anakaa, anapiga soga kama hakukutokea kitu. Badr hufika kwangu kila Ijumaa, kwa mamake hupita mlangoni akasalimia tu. Na siku Da Salma akinitendea wema, akiniuliza habari za goti langu, damu yangu husimama, namuuliza mambo mawili matatu ya utotoni kabla sijamjibu. Yeye anadhani namtania. Na hata hayo maswali sijui yana faida gani, kwa sababu yule wa Salobreña angeyajibu yote.

Basi nakuonya. Nenda utakako, tembea pwani zote, za Hispania na za kwetu, kula samaki, tia miguu kwenye maji. Lakini akikujia mtu wako aliyekudhulumu, amekuwa laini ghafla, analia, anakuomba radhi mbali na nyumbani, usimjibu hapo hapo. Mwambie ntakujibu tukirudi. Mrudishe, mkalishe mbele ya watu wanaomjua, aseme tena. Akiweza kusema tena, msamehe. Msamaha ukishatoka kinywani haurudi, na wangu mie sijui kauchukua nani, wala kaupeleka wapi.